Gari inakwaruza tairi ya mbele? Kabla hujanunua beringi soma hapa

Kuna sauti moja inamnyima mtu raha kabisa. Unatembea zako mdogo mdogo, umeshusha kioo, unasikia shwi… shwi… shwi… upande wa mbele, ukiongeza spidi nayo inaongeza, ukipunguza inapunguza. Unaenda gereji, fundi anazungusha tairi mara moja tu anakwambia "bosi, beringi hii imekufa, na ukibadilisha moja badilisha zote mbili". Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikatoa hela, beringi mbili mpya (vile vyuma vya mviringo ambavyo tairi inazungukia) zikaingia, natoka getini tu, shwi… shwi… ipo palepale. Hiyo stori nitaimalizia huko chini maana inachekesha na inauma.

Mifano yangu mingi ni ya Toyota IST kwa sababu ndo ninayoendesha, ila kama una Vitz, Raum, Passo, Premio, Allion au Probox inayovutwa na tairi za mbele mambo ni yaleyale, diski mbele (ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi), kalipa moja kila upande (kile chuma kinachobana diski ukikanyaga breki), tofauti ni ndogo ndogo tu.

Anza na nati. Kama juzi juzi tairi ilitolewa, umeziba pancha, umepiga balansi, umebadilisha tairi, usianze kusikiliza chochote, chukua spana kaza nati kwanza. Nati zikilegea gari inakwaruza na kugonga kwa mbali ko ko ko, usukani unatetemeka, na hapo hamna cha kusema ngoja nifike nyumbani, tairi inachomoka kweli. Toyota ndogo nyingi nati zake zinakazwa kwa nguvu ya 103 Nm, mwenye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) atumie, asiye nayo akaze kwa ile spana iliyokuja na gari, kwa mkono, nati moja afu inayoitazama, siyo kuzunguka kama saa. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 rudia tena. Na wale vijana wanaopanda juu ya spana kwa miguu yote miwili wakatae kistaarabu, wanavuta studi (zile bolti zinazoshika nati), na siku ukipata pancha usiku porini hiyo nati haifunguki hata ulie.

Nati ziko sawa? Haya, sasa kasikilize.

Zima redio, zima AC, shusha vioo, tafuta barabara iliyotulia, Jumapili asubuhi ni nzuri, na ukipata yenye ukuta mrefu pembeni ni bora zaidi kwa sababu ukuta unakurudishia sauti ya tairi moja kwa moja dirishani, utashangaa vitu utakavyosikia. Pita ukuta ukiwa kushoto, afu geuza upite ukiwa kulia, upande unaolia utajisema wenyewe. Tembea 20, afu 40, afu 60. Kwenye 40, kama barabara imenyooka na nyuma hamna mtu, weka N uiache iserereke yenyewe. Injini usizime, ukizima breki inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakaza. Kelele ikiendelea vilevile wakati gari iko N basi injini haihusiki, tatizo liko kwenye vinavyozunguka na tairi. Ikikata palepale, angalia injini na gia, huko siyo kwa leo.

Kitu kingine cha kusikiliza ni mapigo. Tairi ya rimu 14 au 15 ikiwa spidi 20 inazunguka karibu mara tatu kwa sekunde. Kama shwi zako ni tatu tatu kwa sekunde, maana yake kuna sehemu moja inagusa kila mzunguko, diski imepinda kidogo, ina ukingo wa kutu, au tairi ina uvimbe. Kama ni mkwaruzo mrefu usiokatika, krrrrrr, kuna kitu kimelala juu ya diski muda wote. Na kama siyo mkwaruzo bali ni mngurumo, uuuuuu kama ndege iko mbali, hapo ndo beringi inaanza kuingia kwenye maongezi, siyo kabla.

Ukikanyaga breki inakuwaje?

Hili ndo swali la kwanza ambalo fundi mzuri atakuuliza, asipouliza mtilie shaka. Ukiwa unatembea 30 na kelele iko, gusa breki kidogo tu, kama unabembeleza.

Kama inanyamaza ukigusa na kurudi ukiachia, mara nyingi ni pedi, kile kipande kinachobanwa kwenye diski ili gari isimame. Pedi nyingi zina kichuma chembamba pembeni, kazi yake ni kugusa diski pedi ikikaribia kuisha, kinapiga mluzi mkali wa kukera, ukikanyaga kinabanwa kinanyamaza. Hicho ni kengele, kimewekwa makusudi, kwa hiyo usimruhusu mtu akikate eti ametibu kelele. Pedi za bei ya chini zingine hazina hicho kichuma kabisa, zenyewe zinakuja kukuambia zikishafika chuma kwa chuma. Inaweza pia kuwa pedi inacheza kwenye kiti chake kwa sababu zile klipu za chuma hazikurudishwa, fundi alifungua akaona zina kutu akazitupa.

Kama kinyume chake, kelele inakuja au inazidi ukikanyaga, tena ni mkwaruzo mzito unausikia mpaka kwenye unyayo, pedi imekwisha na bati lake linasaga diski. Chungulia kati ya mbavu za rimu kwa tochi ya simu. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi, ikibaki 3 nunua, na usiangalie ya nje tu kwa sababu ya ndani, upande wa pistoni, ndo huwa inatangulia kuisha na haionekani mpaka utoe tairi. Diski nayo ina unene wa mwisho umeandikwa palepale kwenye chuma chake, MIN TH na namba. Ukiipitisha kwa turna (fundi wa kuchonga vyuma) wakaiskimu, yaani wakaichonga iwe sawa, ikashuka chini ya hapo, umelipa ufundi kwa kitu cha kutupa. Asubuhi baada ya mvua, au umetoka kuosha gari, diski inaota kutu nyepesi ya rangi ya chungwa usiku kucha, na sisi tunaokaa karibu na bahari ndo kabisa, itakwaruza mitaa miwili mitatu, ukishika breki mara kadhaa imepotea. Hiyo haina tiba kwa sababu siyo ugonjwa.

Sasa kuna kalipa iliyoganda, na hii inaua mafuta na pedi kimya kimya. Dalili zake, gari inavuta upande mmoja, ukiachia mafuta haiserereki kama zamani, rimu moja ina masizi meusi kuliko nyingine, na kuna harufu kama ya waya unaoungua. Tembea kilomita 10 bila kushika shika breki sana, paki, sogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto afu ya kulia, karibu nimesema, diski usiiguse utaacha ngozi. Upande mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine vuguvugu, umepata. Usimwagie maji kupooza, diski ya moto ikipigwa maji inapinda au inapasuka, iache ipoe.

Mara nyingi kinachoganda ni zile pini mbili ambazo kalipa inateleza juu yake, siyo pistoni. Buti yake ya mpira imechanika, vumbi na maji vimeingia, grisi imekuwa udongo. Zinatolewa, zinasuguliwa kwa msasa laini, zinapakwa grisi ya breki. Ile grisi ya kawaida ya kwenye kopo kubwa la gereji hapana, inavimbisha mpira na baada ya wiki mbili pini imebana kuliko mwanzo. Kama pini zinateleza vizuri na tairi bado imebana, kuna jaribio zuri sana ambalo mafundi wengi hawalifanyi: gari ikiwa kwenye jeki na tairi imekaba, legeza ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta ya breki yakiruka na tairi ikaachia, kalipa haina kosa, presha ilikuwa imefungiwa, na mara nyingi ni hosi ya breki imevimba kwa ndani, inapitisha mafuta kwenda lakini hayarudi. Nje unaiona nzima kabisa. Ikibaki imekaba hata baada ya kulegeza, hapo ndo pistoni. Ukimaliza toa upepo na ujazie mafuta ya breki, usisahau.

Kibati, na ile stori yangu

Nyuma ya diski kuna bati jembamba la mviringo, la kuzuia matope na maji. Mafundi wengine wanaliita dast kava, wengine kibati tu. Ni laini, unaweza kulikunja kwa vidole, na nafasi kati yake na diski ni ndogo. Sasa wewe unapita barabara za kokoto kila siku, au fundi alipotoa shokapu aliegemeza nyundo juu yake, linapinda kidogo linaanza kulamba diski. Sauti yake ni nyembamba, ya bati, kama mtu anakokota mfuniko wa sufuria kwenye sakafu, inakuja inapotea, ukikata kona inabadilika, ukirudi rivasi wakati mwingine inakata kabisa.

Yangu ndo ilikuwa hiyo. Beringi mbili zimeshabadilishwa, nimerudi kwa yule fundi ananiambia labda ni sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu ya gia kwenye tairi), nikaona huyu sasa ananunua spea kwa kubahatisha na hela ni yangu. Wiki iliyofuata nikapata pancha, nikaenda kwa mzee mmoja anaziba tairi pale karibu na kituo cha daladala. Shikamoo, marahaba, akatoa tairi, akazungusha diski kwa mkono, akasikia, akaniangalia. "Hii kelele unayo siku nyingi?" Nikamwambia mzee wangu we acha tu. Akachukua bisibisi bapa, akaingiza kati ya diski na kibati, akasukuma polepole kuzunguka, ikadondoka kokoto, nyeupe, upande mmoja imesagika imekuwa bapa inang'aa kama imepigwa polishi. Ukubwa wa punje ya muhindi. Kwenye diski kulikuwa na mchirizi mmoja mwembamba umezunguka wote. Akanyoosha kibati kidogo kwa kidole gumba, akarudisha tairi, akanidai hela ya pancha tu.

Kwa hiyo ukishuku kokoto, kabla hata ya jeki, tafuta sehemu wazi, rudi rivasi mita kama 20, shika breki ghafla kidogo, nenda mbele, rudia mara tatu nne. Mara nyingi linadondoka lenyewe. Likigoma ndo utoe tairi. Na kibati usikubali kikang'olewa kikatupwa, wanapenda sana hiyo njia ya mkato. Kikitoka, kila dimbwi unalopita maji na mchanga vinaruka moja kwa moja kwenye diski na pedi.

Ukiinua gari ardhi iwe tambarare, handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, na ile tairi uliyotoa ilaze chini ya ubavu wa gari. Jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi, siyo ya kuingia chini nayo. Zungusha kwa mkono tu, mambo ya kuwasha gari iko juu ya jeki ukanyage mafuta ili "tusikie vizuri" yaache. Ukizungusha utasikia pedi inagusa diski kwa mbali, ssss nyepesi, hiyo ni halali yake. Kinachotafutwa ni mkwaruzo wa chuma au sehemu ambayo mkono unahisi inakaba.

Inalia kwenye kona au kwenye matuta tu

Kama barabara iliyonyooka kimya, ila ukikata usukani mpaka mwisho ukiingia parking unasikia vruuu ya mpira, au ukibeba watu watano ukapita tuta unasikia inaguna, tairi inagusa plastiki ya ndani ya madigadi au bampa. Washa tochi uangalie ile plastiki, sehemu inayoguswa inakuwa safi na nyororo wakati pengine pote kuna vumbi. Angalia na bega la tairi, litakuwa limepigwa mng'ao.

Sababu kubwa ni tamaa ya rimu. Gari imetoka na 175/65R14, mtu anaona rimu ya 16 pana imependeza, anavisha, haangalii imetokeza nje au imeingia ndani kiasi gani. Upande wa ndani nao pima, kati ya tairi na shokapu kidole kipite, kisipopita ukibeba mzigo tairi inajichana ubavuni na upande huo huuoni mpaka ipasuke. Sababu nyingine ya kawaida zaidi ni klipu za plastiki zimetoka, ile plastiki inaning'inia, ukifika 80 upepo unaisukuma kwenye tairi. Klipu ni vitu vya bei ndogo Ilala au Kariakoo, usimwachie fundi afunge na waya wa bati. Na kama gari haijabadilishwa chochote ila upande mmoja wa mbele umelala, pima kwa rula kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote mbili, ikizidi tofauti ya sentimita moja na nusu hivi tafuta springi iliyovunjika. Inavunjikaga pale chini kabisa inapokalia, haionekani kirahisi, na kile kipande kikali kinaweza kuja kuchana tairi.

Sasa beringi yenyewe

Sijasema beringi haziharibiki. Zinaharibika sana, hasa ukipita maji yaliyofika katikati ya tairi, au ukizama kwenye shimo la maana. Ila ina tabia zake. Mara nyingi inanguruma kabla ya kukwaruza, inaanzia 40 au 50 na kupanda na spidi, ikikanyagwa breki haijali. Jaribio lake, kwenye 50 barabara tupu, yumbisha usukani taratibu kushoto afu kulia. Ukienda kushoto uzito wa gari unalalia tairi ya kulia, mngurumo ukizidi hapo basi beringi ya kulia ndo mtuhumiwa, na kinyume chake.

Kwenye jeki, shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza muulize mtu akusaidie kushika breki, mchezo ukiisha breki ikiwa imeshikwa ni beringi, ukiendelea ni bol jointi (kiungo cha chini kinachoshikilia tairi) au kitu kingine cha chini. Ukishika kushoto na kulia ikacheza, angalia tairodi (fimbo inayotoka kwenye usukani kuja kwenye tairi) kwanza. Afu fanya hivi, weka vidole juu ya springi ya shokapu, mkono mwingine zungusha tairi. Beringi mbovu unaihisi kwenye springi, kama mchanga unasagwa ndani. Nzima unahisi laini tu.

Kinachowadanganya hata mafundi wazoefu ni tairi. Tairi ikikatika vidaraja vidaraja kwa sababu ya alaimenti mbovu au shokapu zilizochoka, inanguruma exactly kama beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata (meno) za tairi kwenda mbele afu kurudi, upande mmoja ukikwaruza kama msumeno na mwingine laini, hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Kelele ikihamia nyuma, umeokoa hela ya beringi.

Na ikibidi kubadilisha, beringi ya mbele ya hizi IST na Vitz inaingia kwa presi. Ukiona mtu anapigilia mpya kwa nyundo na bomba, ondoka, hiyo inatoka dukani nzima na kuingia kwenye gari ikiwa na majeraha, miezi miwili utarudi. Gari yenye ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) kuna beringi zina upande wenye sumaku ya kusomwa na sensa, ikigeuzwa taa ya ABS inawaka na haizimiki mpaka ifunguliwe tena. Eti lazima zote mbili? Hapana. Badilisha iliyokufa.

Vya kumalizia haraka haraka, ka-ka-ka-ka ukikata kona usukani umefika mwisho huku unakanyaga mafuta ni sivi jointi, angalia kama buti yake imechanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Tik tik tik kwenye lami ambayo inakata ukiingia kwenye vumbi ni jiwe au msumari kwenye kashata za tairi, na msumari usiuchomoe mpaka ufike kwa wa pancha. Na ikilia ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama kabisa, tairi halizunguki, basi siyo chochote nilichoandika hapo juu, fungua boneti, weka mkono juu ya kikombe cha shokapu huku mtu anazungusha usukani, springi ikiruka ruka badala ya kuzunguka taratibu, mauntini ya shokapu imekufa.